Kutotapika Si Kupata Hamu ya Kula

Panya hawezi kutapika. Mlishe sumu, mzungushe mpaka apoteze mwelekeo, mchome sisplatini, dawa ya saratani, ya kiasi ambacho kingemfanya binadamu ashinde ameinamia beseni; kilichoshuka tumboni mwake hakirudi. Mwaka 2013 watafiti walioongozwa na Charles Horn wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapa dawa za kutapisha wagugunaji (panya na jamaa zake) wa jamii kadhaa, na hakuna hata mmoja aliyetapika. Walipochunguza maumbile yao walikuta kiwambo, kile kinachotenganisha kifua na tumbo, chenye misuli hafifu, umio mrefu upande wa chini wa kiwambo hicho, na tumbo ambalo umbo lake halisaidii kusukuma kitu kurudi juu.

Panya ndiye mnyama anayetegemewa sana katika kupima dawa, na kichefuchefu ni moja ya mambo yanayomfanya mgonjwa wa saratani aiogope dripu ya kemo, yaani tiba ya dawa za kuua seli za saratani. Kwa hiyo kila tunaposikia kwamba dawa fulani "imepunguza kichefuchefu cha kemo kwa panya", swali la kwanza liwe: kilipimwaje kwa mnyama asiyetapika? Dawa hiyo ikiwa ni ya kundi la vichangamshi, yaani amfetamini, methilifenideti, efedrini, au kathinoni iliyomo kwenye mirungi, swali hilo linakuwa zito maradufu. Vichangamshi vinagusa kutapika kwa njia moja na hamu ya kula kwa njia nyingine kabisa, na anayevichanganya vipimo hivyo viwili anaweza kuita nafuu kile ambacho kwa mnyama ni njaa iliyozimwa.

Tuanze na sisplatini yenyewe, maana ndiyo iliyofungua uwanja huu wote. Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Michigan State aligundua mwaka 1965, alipokuwa akichunguza athari za umeme kwa bakteria, kwamba misombo ya platini huzuia seli zisigawanyike. Mwaka 1978 Marekani iliidhinisha sisplatini kuwa dawa ya saratani. Ilitibu, lakini karibu kila aliyeipata bila kinga alitapika, na wapo waliokataa kurudi kwa dozi iliyofuata. Mwaka 1981 daktari Richard Gralla na wenzake walionyesha kwamba metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, ikitolewa kwa kiwango kikubwa hupunguza kutapika huko. Hata hivyo hatua kubwa ilitoka kwa fereti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, ambaye hutapika kama tunavyotapika sisi. Mwaka 1982 fereti alitangazwa kuwa kielelezo kipya cha kupima kutapika kunakoletwa na sisplatini. Miaka minne baadaye, kwa kutumia fereti hao, watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba ukifunga vipokezi fulani vya serotonini, kemikali ya mwilini inayopeleka ujumbe kwenye neva, kutapika kunakoma.

Hapo ndipo njia ya mwilini ilipoanza kueleweka. Sisplatini huumiza ukuta wa utumbo, seli maalumu za ukuta huo humwaga serotonini, serotonini huamsha neva ya vagasi, na neva hiyo hupeleka habari kwenye shina la ubongo ambako amri ya kutapika hutolewa. Ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika ambayo leo iko kwenye karibu kila wodi ya saratani, ilizaliwa kutokana na kazi ile. Panya peke yake asingetufikisha hapo kwa urahisi.

Basi kwa panya hupimwa nini? Hupimwa udongo. Mwaka 1977 ilielezwa kwamba panya aliyezungushwa mpaka akachafukwa huanza kula kaolini, udongo mweupe usio na lishe yoyote. Baadaye, mwaka 1993, Noriaki Takeda na wenzake wa Japani walipendekeza tabia hiyo itumike kama kipimo mbadala cha kutapika. Panya aliyechomwa sisplatini hula udongo mwingi, na akipewa dawa kama ondansetroni hupunguza. Kwa dawa za namna hiyo kipimo kinafanya kazi, na sina ugomvi nacho.

Ugomvi wangu unaanza pale kipimo hicho hicho kinapotumiwa kwa kichangamshi. Fikiria: umempa panya sisplatini, kisha amfetamini, halafu asubuhi ukapima udongo uliobaki ndani ya kizimba. Umekuta ameula kidogo. Je, kichefuchefu kimepungua? Au amfetamini imemwondolea hamu ya kutia chochote kinywani, kiwe udongo au pumba? Udongo nao huliwa. Dawa inayozima ulaji itauzima ulaji wa udongo pia, na mtafiti asiye mwangalifu ataandika kwamba amepata dawa ya kichefuchefu. Ongeza kwamba amfetamini humfanya panya azunguke kizimba bila kutulia, na ikizidi humfanya anuse, alambe na atafune ovyo kwa kurudiarudia. Kipimo chochote kinachotegemea kinywa cha mnyama huyo kimeshavurugwa kabla ya mizani kuwekwa mezani. Kwa hiyo jaribio la kichangamshi kwa panya lisilo na kundi la pili, lililopata kichangamshi bila sisplatini na likapimwa chakula na udongo vyote viwili, halinishawishi.

Kuna ushahidi kwamba wanyama wasiotapika na wanaotapika huvipokea vichangamshi kwa namna tofauti kabisa, na kwangu mimi huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote katika habari hii. Tangu mwaka 1955, John Garcia alipoonyesha kwamba panya huepuka ladha aliyoionja kabla ya kupigwa mionzi, wanasayansi wametumia kuepuka ladha kama dalili ya kuchafukwa. Jambo hilo lipo kwa binadamu pia: mwaka 1978 Ilene Bernstein aliripoti kwamba watoto waliolishwa aiskrimu ya ladha ngeni kabla ya kemo waliikataa baadaye. Lakini amfetamini ikaleta kitendawili. Panya huweza kufundishwa kubonyeza kitufe ili apate amfetamini, na hukibonyeza kwa bidii, kumaanisha anaipenda. Papo hapo huepuka ladha iliyoambatanishwa nayo. Linda Parker, mtafiti wa Kanada aliyeyachunguza haya kwa miaka mingi, alionyesha kwamba panya huyo anaepuka ladha hiyo bila kupanua kinywa kile kipanuo cha kuchukizwa anachokifanya anapoletewa ladha iliyoambatana na dawa za kuchafua tumbo. Anakaa mbali nayo, lakini hajachukizwa.

Kisha Parker na wenzake wakamgeukia kirukanjia wa nyumbani, Suncus murinus, mnyama yule mdogo mwenye harufu kali ambaye asili yake ni Asia na ambaye meli zilimleta mpaka pwani yetu, Unguja na Mombasa wakiwa wenyeji wake kwa muda mrefu. Kirukanjia huyu hutapika. Tangu 1987 watafiti wa Japani wamemtumia kupima dawa kwa sababu hiyo. Mwaka 2002 ikachapishwa kwamba kirukanjia aliyepewa amfetamini hakuepuka ladha iliyoambatana nayo. Aliifuata. Ladha ile ile ambayo panya angeikimbia, kirukanjia aliipenda zaidi kuliko mwanzo.

Maelezo ya Parker yananiridhisha: mnyama asiyeweza kutoa sumu tumboni lazima ahofie kila mabadiliko ya mwili yanayofuata chakula, yawe ya raha au ya karaha, kwa sababu hana nafasi ya pili. Mnyama anayeweza kutapika hana haja ya tahadhari hiyo. Ikiwa ndivyo, panya aliyepewa kichangamshi na akaacha kula anatuambia mambo mengi kuhusu panya na machache kuhusu tumbo la mgonjwa wetu.

Upande wa kutapika, vichangamshi vina historia ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1968 Charles Wood na Ashton Graybiel walichapisha matokeo ya kupima dawa 16 za kichefuchefu cha safari kwa watu waliowekwa kwenye chumba kinachozunguka huko Pensacola, Florida. Mchanganyiko wa skopolamini na amfetamini ulikuwa miongoni mwa zilizofanya vizuri zaidi, na baadaye shirika la anga la Marekani likautumia kwa wanaanga. Efedrini nayo ilitumika pamoja na promethazini, dawa nyingine ya kuzuia kichefuchefu. Kwa hiyo wapo wanaosema: ikiwa kichangamshi kimemtuliza rubani, kwa nini kisimtulize anayepata kemo?

Kwa sababu njia si moja. Kichefuchefu cha safari huanzia sikio la ndani na mgongano wake na macho. Cha sisplatini huanzia utumbo uliojeruhiwa. Tena vichangamshi huongeza dopamini, kemikali nyingine ya kupeleka ujumbe, kwenye ubongo, na dopamini kwa wanyama wengine ni mchokozi mkubwa wa kutapika. Daktari wa mifugo anapotaka mbwa aliyekula sumu atapike, anaweza kumchoma apomofini, ambayo huiga dopamini. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha matone ya macho ya ropiniroli, dawa nyingine ya kuiga dopamini, kwa kazi hiyo hiyo. Paka, kwa upande wake, apomofini haimtapishi vizuri, hivyo hutafutiwa dawa nyingine. Na metoklopramidi tuliyoitaja juu huzuia kutapika kwa kuifunga dopamini, pamoja na serotonini ikiwa kwa kiwango kikubwa. Ukiyaweka haya pamoja, matarajio ya kwamba amfetamini itatuliza tumbo lenye sisplatini hayana msingi imara, hata kama rubani alitulia.

Kuhusu hamu ya kula, hakuna utata. Tangu miaka ya 1930 madaktari waliona waliopewa amfetamini wanakonda. Mtoto anayetumia methilifenideti kwa tatizo la umakini hupoteza hamu ya chakula cha mchana, na wazazi wake wanalijua hilo. Mwaka 2015 Marekani iliruhusu mojawapo ya dawa za jamii ya amfetamini itumike kwa watu wanaokula kupita kiasi bila kujizuia. Yaani kile tunachokiita madhara kilisajiliwa kuwa tiba. Na mwaka 1980 ilichapishwa kwamba kathinoni na kathini, kemikali mbili za mirungi, hupunguza ulaji wa panya. Kwa binadamu, majaribio ya miaka ya 1990 yalionyesha kwamba kutafuna mirungi huchelewesha chakula kutoka tumboni. Tumbo lililojaa kwa muda mrefu, kwa mtu ambaye sisplatini imeshamchafua, ni mwaliko wa kichefuchefu zaidi.

Kutenganisha kutapika na kuchafukwa si jambo la vichangamshi peke yake. Mwaka 2017 Hattie Kenward na wenzake wa chuo cha udaktari wa mifugo cha London walichapisha jaribio kwa mbwa wa aina ya Beagle waliopewa sisplatini kidogo. Ondansetroni ilizuia kutapika na ikapunguza dalili za kichefuchefu: kulamba midomo, kutokwa mate, kukosa utulivu. Maropitanti, dawa ambayo madaktari wa mifugo wanaiamini sana na ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka 2007, ilizuia kutapika vizuri, lakini dalili za kichefuchefu hazikupungua kwa kiasi cha kuaminika. Mbwa hatapiki, mwenye mbwa amefurahi, daktari ameandika "nafuu", na mnyama amelala pembeni ya bakuli anatokwa mate.

Sasa kuna sababu nzuri ya kuamini kwamba mbwa huyo hakosi hamu kwa sababu ya tumbo tu. Mwaka 2017 vikundi kadhaa vya watafiti viligundua kipokezi cha protini iitwayo GDF15, kilichopo kwenye shina la ubongo, mahali pale pale panaposhughulikia kutapika. Sisplatini huipandisha protini hii. Panya waliozaliwa bila kipokezi hicho hawakukonda kwa sisplatini kama wenzao. Mwaka 2020 ilionyeshwa kwamba kingamwili inayoifunga GDF15 hupunguza kukonda kwa panya na kutapika kwa nyani waliopewa dawa za platini. Kisha ikaja zamu ya watu: mwaka 2024 jaribio la kingamwili iitwayo ponsegromabu kwa wagonjwa 187 wa saratani waliokuwa wakikonda lilionyesha kwamba waliopata dozi ya juu waliwazidi waliopata dawa bandia kwa takriban kilo 2.8 baada ya wiki 12. Huo ndio mwendo ninaoutamani katika sayansi ya wanyama: panya kwa swali ambalo panya anaweza kulijibu, yaani uzito na ulaji, mnyama anayetapika kwa swali la kutapika, kisha mtu.

Hapa kwetu habari hii inagusa pande mbili. Ya kwanza ni mbwa. Madaktari wa mifugo wa Afrika Mashariki hukutana sana na uvimbe wa sehemu za siri ambao mbwa huambukizana wanapopandana. Hutibiwa kwa vinkristini, dawa inayotoka kwenye ua la vinka lenye asili ya Madagaska, sindano moja kila wiki kwa wiki kadhaa. Vinkristini haitapishi sana kama sisplatini. Inachofanya mara nyingi ni kupunguza mwendo wa utumbo na hamu ya kula. Mwenye mbwa akiulizwa tu "anatapika?" atajibu hapana, na hapo mazungumzo yanaisha ilhali mbwa hajala siku mbili. Ningependa aulizwe pia: amekula nini, kiasi gani, analamba midomo, amepima uzito gani wiki hii. Vipo vichochezi vya kweli vya hamu ya kula kwa mbwa, kama kapromorelini iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, inayoiga homoni ya njaa, ghrelini. Hiyo haihusiani kabisa na vichangamshi, ingawa kwa maneno ya mtaani zote zinaweza kuitwa dawa za kuchangamsha.

Upande wa pili ni watu, na hapa naandika nikiwa na wasiwasi wa kweli. Sisplatini hutolewa pamoja na mionzi kwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Uchovu wa tiba hiyo ni mkubwa, na mtu aliyechoka ni rahisi kushauriwa atafune mirungi au miraa "apate nguvu". Nguvu hiyo inalipwa kwa mlo usioliwa na maji yasiyonywewa, kwa mwili ambao figo zake zinahitaji maji mengi kwa sababu ya sisplatini. Hata kichangamshi cha hospitali, methilifenideti, kilipopimwa Uingereza kwa wagonjwa wenye saratani iliyosambaa na uchovu, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2024, hakikuleta nafuu ya maana kuliko dawa bandia. Kama kidonge kinachopimwa kwa miligramu hakikufaulu, fundo la majani lisilo na kipimo halina udhuru. Ndugu wa mgonjwa wanaomletea miraa wanafanya hivyo kwa upendo, na wanastahili kuelezwa kwa heshima, bila kutishwa na polisi.

Dawa iliyowasaidia wagonjwa kula imetoka upande wa pili kabisa wa vichangamshi. Olanzapini hufunga dopamini na serotonini badala ya kuziongeza. Ilitengenezwa kwa magonjwa ya akili, na haki yake ya hataza imekwisha zamani, hivyo si ghali. Mwaka 2016 jaribio la Marekani kwa wagonjwa 380 lilionyesha kwamba ikiongezwa kwenye dawa za kawaida huzuia kichefuchefu cha kemo kali. Kisha madaktari wa Puducherry, India, wakaitoa kwa miligramu 2.5 tu kila siku kwa wiki 12 kwa wagonjwa 124 wa saratani za tumbo, ini, kongosho na mapafu waliokuwa wakipata kemo. Matokeo yalitoka mwaka 2023: asilimia 60 ya waliopata olanzapini waliongezeka uzito kwa zaidi ya asilimia 5, dhidi ya asilimia 9 ya waliopata dawa bandia. Husababisha usingizi, na mgonjwa wa kisukari lazima afuatiliwe. Lakini imepimwa kwenye nchi yenye hospitali zinazofanana na zetu, kwa wagonjwa wanaofanana na wetu, na kilichopimwa kilikuwa hamu ya kula na uzito.

Wodi zetu za saratani zinaweza kuanza kupima hayo kesho bila mashine mpya. Karatasi ya ufuatiliaji baada ya kemo yenye swali moja la kutapika iongezwe maswali mengine matatu: kichefuchefu kiko kiwango gani, mgonjwa amekula sehemu gani ya mlo wake wa kawaida, na uzito wake leo ni kilo ngapi.